Visiwa vinne, jahazi moja, siku kumi za Aprili: inawezekana?

*"Tunaishi Dodoma. Mama yangu ana miaka 67, ni mwalimu mstaafu wa historia, na miaka yote amekuwa akisema anataka kuiona Kilwa Kisiwani kabla magoti hayajamkatalia. Anatumia dawa za presha. Tumepata likizo ya siku kumi na tunataka kwenda naye, pamoja na watoto wetu wawili wa miaka 9 na 13. Kuna mwenye jahazi la mashine Dar es Salaam aliyetuambia anaweza kutuzungusha Unguja, Pemba, Mafia na Kilwa kwa safari moja, na tukienda Aprili bei ni nusu. Tatizo mimi hulewa bahari hata kwenye boti ya Zanzibar. Shangazi ananiambia siku ya safari nisitie kitu tumboni. Je, mpango huu unawezekana, na ni salama kwa mama?"*

Dada, mama yako anastahili kuiona Kilwa na ataiona. Ila si kwa njia hiyo, na si mwezi huo. Swali lako lina mambo matatu ndani yake: umbali, msimu, na tumbo lako. Shangazi amekosea kwenye tumbo, na mwenye jahazi amekuficha mawili yaliyobaki, au hakuyapigia hesabu.

Nianze na umbali, maana kwenye ramani visiwa hivi vinaonekana vimepangana kama shanga. Kutoka Dar es Salaam hadi Mji Mkongwe ni kama maili 40 za baharini, na maili moja ya baharini ni kilomita 1.85. Mji Mkongwe hadi Mkoani, Pemba, ni kama 55. Kutoka Mkoani kushuka hadi Kilindoni, Mafia, ni zaidi ya 150. Kilindoni hadi Kilwa Masoko ni kama 60, na kurudi Dar ni karibu 130. Jumla ni maili 435 hivi. Jahazi la mashine lenye abiria na mizigo, bahari ikiwa shwari, hutembea maili 6 kwa saa. Hizo ni saa 72 za kuwa njiani, bila kuhesabu hata dakika moja ya kushuka na kutazama kitu. Mkisafiri mchana tu, kama inavyotakiwa mkiwa na mtu mzima na watoto, siku saba kati ya kumi zitaishia kwenye benchi la mbao.

Na hesabu hiyo ni ya bahari iliyolala. Pwani yetu ina mkondo unaokimbilia kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, unaweza kufikia maili 3 au 4 kwa saa, na wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, hupungua. Chukua makadirio ya wastani, kwamba mkondo unakula maili 2 kila saa mnaposhuka kutoka Pemba kwenda Mafia. Chombo cha maili 6 kinakuwa cha maili 4, na njia ya saa 25 inakuwa ya saa 37 na ushee. Hapo ndipo watu hujikuta baharini usiku ambao hawakuupanga, mafuta yakiwa yameshuka kuliko walivyotarajia.

Sasa Aprili. Bei ni nusu kwa sababu wanaoijua bahari hawasafiri kwa starehe mwezi huo. Kaskazi inakuwa imekwisha, kusi inaingia, na masika yako katikati. Upepo hugeuka geuka, mvua huja na dhoruba fupi kali zinazofunga macho, na mnapoelekea Mafia kusi changa na mkondo vinakuja vyote kutoka mbele. Omo, yaani mbele ya chombo, inapiga maji badala ya kuyapasua. Aprili si mwezi wa vimbunga kwetu kwa kawaida, lakini tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, boti za Zanzibar zikasimamishwa, na barabara ya kusini ikakatika kwa mafuriko. Kwa hiyo hata ukisema utakwenda kwa gari, msimu huo barabara ya Lindi si ya kuiwekea ahadi.

Usihamishie safari likizo ya Juni pia. Juni hadi Agosti kusi imekomaa na mawimbi ni makubwa hata kama jua linawaka. Meli ya abiria MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, mchana, njia ileile ya boti za Zanzibar. MV Spice Islander ilikuwa imezama tarehe 10 Septemba mwaka uliotangulia, usiku, kwenye maji ya Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa na watu wengi kuliko uwezo wake. Nakutajia haya si kukutisha. Nataka ujue kwamba kipande kile kati ya Unguja na Pemba, chombo kikishatoka kwenye kivuli cha kisiwa, ni bahari kuu. Mlango wa Unguja una kina cha makumi ya mita tu, lakini mlango wa Pemba unashuka hadi mamia ya mita, na mawimbi ya kutoka mashariki yanaingia bila kizuizi. Mahali hapo panataka meli, si jahazi la kukodi lenye watoto.

Wakati unaowafaa ni kuanzia Oktoba hadi Februari. Oktoba na Novemba ndiyo matlai, upepo hafifu na bahari mara nyingi imetulia, ingawa vuli inaweza kunyesha. Kwa kuwa mna watoto wa shule, ningechagua Desemba mara shule zikifungwa, kabla watu hawajaanza kubanana kwa Krismasi. Kuna joto, na kaskazi inaanza, lakini bado ni laini. Faida ya ziada ni kwamba kuanzia Oktoba hadi Machi papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote, huonekana upande wa Kilindoni, na huyo mtoto wa miaka 13 hatamsahau.

Kisha chagueni nusu moja ya ramani. Unguja na Pemba ni safari moja, ya boti kubwa za ratiba. Mafia na Kilwa ni safari nyingine. Kwa kuwa kiini cha yote ni mama na Kilwa, ningekwenda kusini na kuiacha Zanzibar kwa mwaka mwingine. Najua inauma kuifuta Zanzibar. Lakini Mji Mkongwe unafikika kwa saa mbili kutoka Dar wakati wowote, hata mama akiwa na fimbo. Kilwa ndiyo inayotaka magoti.

Mpango wenyewe uwe hivi. Siku ya kwanza Dodoma hadi Dar kwa treni. Siku ya pili Dar hadi Kilwa Masoko kwa gari, kama kilomita 300 za lami, mtoke asubuhi. Siku ya tatu ni ya Kisiwani. Siku ya nne iacheni wazi, kwa maana ya akiba: kama jana bahari ilikataa, leo ndiyo mnakwenda, na kama mlishakwenda, mama anapumzika na nyinyi mnaweza kwenda Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu. Siku ya tano ni ya barabara, kurudi juu hadi upande wa Kibiti. Siku ya sita mnavuka kutoka Nyamisati kwenda Kilindoni kwa kivuko. Siku ya saba na ya nane ni za visiwa vidogo vya Chole na Juani, ya tisa mnarudi bara, ya kumi nyumbani. Kama mfuko unaruhusu, mama arudi Dar kwa ndege kutoka Mafia. Ni nusu saa na ushee, na inamwondolea siku nzima ya kutikiswa.

Safari zote za baharini katika mpango huu ni fupi, isipokuwa kivuko cha Mafia na ile ya Songo Mnara. Masoko hadi Kisiwani ni kama kilomita 2 tu. Kule Mafia, kijiji cha Utende hadi Chole ni pafupi zaidi. Ndiyo maana kinachotawala hapa si upepo tena bali maji kujaa na kupwa, na hili ndilo jambo wageni wa bara hulikosea kuliko yote. Wanauliza "boti inaondoka saa ngapi?" kana kwamba ni basi. Nyamisati iko kwenye delta ya Rufiji, na muda wa kuondoka hufuata maji. Ulizeni siku moja kabla, na ulizeni tena asubuhi.

Elewa jinsi maji yanavyokwenda, utaweza kupanga mwenyewe hata ukiwa Dodoma. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, jua na mwezi vinavuta kwa mstari mmoja, na hapo tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikifika karibu mita 4. Mwezi ukiwa nusu, mvuto unapingana na tunapata maji mafu, tofauti ikiwa mita moja na kitu. Siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Sasa hesabu siku saba mbele, dakika 50 kila siku: kujaa kwa saa kumi alfajiri kumesogea hadi karibu saa nne asubuhi. Kwa hiyo siku za maji mafu, yaani kama tarehe 7 hadi 9 na 22 hadi 24 za mwezi mwandamo, maji yanajaa asubuhi wakati mzuri wa kutembea, na hata yakipungua hayakimbii mbali.

Kwa mama hilo ndilo la kushika. Ukimpeleka Kisiwani siku ya bamvua saa nne asubuhi, mashua itakwama mbali na atalazimika kutembea kwenye tope na mawe ya matumbawe, maji yakimfika magotini. Ukimpeleka siku ya maji mafu saa mbili asubuhi, mashua inasogea karibu na ufuko na anashuka kwenye mchanga. Kisiwa ni kilekile, nahodha ni yuleyule. Chukua kalenda yenye tarehe za Kiislamu, tafuta nusu mwezi ya Desemba, na uiweke siku ya Kisiwani hapo, kisha ndipo ukate tiketi za treni. Songo Mnara ni kinyume cha urahisi huo: ni mbali zaidi kusini, njia inapita kwenye mikoko, na hakuna gati. Ni pazuri mno, lakini ningemwacha mama Masoko siku hiyo.

Kibali cha Kisiwani hutolewa Kilwa Masoko kwenye ofisi ya wasimamizi wa magofu kabla ya kupanda mashua, na mtapewa wa kuwatembeza. Bebeni vitambulisho vya NIDA, kwani kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni, hapo na kwenye lango la Hifadhi ya Bahari ya Mafia pia. Mkifika, Gereza liko palepale mnaposhukia, ngome ambayo Wareno waliianzisha 1505 na Waomani wakaijenga upya baadaye. Msikiti Mkuu hauko mbali nalo. Husuni Kubwa, magofu ya kasri la sultani, ndiyo iko pembeni, mwendo mrefu kwa mwenye magoti mabovu, hivyo mwanzieni mama na Msikiti Mkuu akiwa bado na nguvu. Kwenye msikiti mwonyeshe nguzo na kuba kwa karibu. Yale mawe mepesi yaliyochongwa ni matumbawe yaliyokatwa yakiwa mabichi kutoka baharini, wakati bado ni laini kuchongeka, yakaachwa yakakauka na kuwa magumu. Sehemu kubwa aliipanua Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipofika 1331 ndiye aliyemkuta akitawala. Mwalimu wa historia atafurahi pia kujua kwamba upepo huu tunaoupigia hesabu ndio ulioijenga Kilwa: vyombo vya Ghuba vilishuka na kaskazi na kupanda na kusi, na Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa mahali vingeweza kufika na kurudi kwa msimu mmoja. Dhahabu ya Sofala, kwenye pwani ya Msumbiji ya leo, ikapitia hapo.

Mashua ya kukodi ikaguliwe kabla ya kulipa, si baada. Chungulia ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo, maji yanapokusanyika. Maji kidogo ni kawaida kwa chombo cha mbao. Maji yanayofika kwenye mbao za kukanyagia, na kijana anayefua maji bila kupumzika, ni chombo kinachotaka kalafati, yaani kuzibwa nyufa za mbao, kiache. Uliza kuna nini mashine ikizima: mashine ya pili, au tanga na mtu anayejua kulitweka. Mafuta yagawanywe mafungu matatu, moja la kwenda, moja la kurudi, moja la akiba. Safari hizi za kwenda Kisiwani na Chole ni fupi, lakini mashine huzimika mbele ya gati vilevile.

Jaketi okozi ndilo la kusimamia kwa ukali zaidi. Idadi ilingane na watu, na wa miaka 9 apate la mtoto. Mvalishe, funga mikanda yote, kisha mshike mabegani kwenye jaketi na umnyanyue kidogo. Likipanda hadi likamfika masikioni, majini litamtoka kichwani. Lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu ni bora kwa mtoto. Bonyeza pia sponji ya ndani kwa vidole: ikibaki imebonyea au ikiwa imejaa maji, hilo ni pambo. Mnavaa mkiwa bado ufukweni na kuvua mkishafika. Kulikalia kama mto hakumsaidii mtu.

Njoo kwenye tumbo lako. Kulewa bahari hakuanzii tumboni. Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu midogo yenye majimaji inayoieleza akili kwamba mwili unayumba. Ukiwa umekaa ndani ya boti unatazama kiti cha mbele au simu, macho yanaiambia akili kwamba umetulia. Habari mbili zinapingana, na akili inajibu kwa jasho baridi, miayo, mate kujaa, kisha kutapika. Ndiyo maana kukaa na njaa hakukuokoi. Tumbo tupu linabaki na asidi yake, na kichefuchefu kinakuwa kikali zaidi. Kula kidogo saa moja au mbili kabla: mkate mkavu, ndizi, uji mwepesi. Acha vya mafuta na maziwa mengi. Maji kunywa kwa mafunda madogo. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu.

Kiti kina maana kuliko watu wanavyodhani. Chombo kinayumba kama bembea ya mbao ya watoto: kati hapatikisiki sana, ncha ndizo zinazopanda na kushuka. Kwenye kivuko kaa chini, katikati. Wengi hulipa zaidi kukaa juu na mbele, wakalewa kuliko waliokaa chini. Kwenye mashua kaa katikati, mbali na moshi wa mashine kule tezi, yaani nyuma, na utazame mstari ambapo bahari inakutana na mbingu, au nchi kavu unakoelekea. Watoto wasicheze michezo ya simu njiani.

Dawa inayopatikana kwa urahisi ni sinarizini, ambayo kwenye kasha huandikwa Cinnarizine. Mtu mzima humeza miligramu 30 saa mbili kabla ya safari, na kama safari ni ndefu, miligramu 15 kila baada ya saa nane. Mtoto wa miaka 5 hadi 11 hupewa nusu ya hiyo. Ukiimeza ukiwa tayari unatapika, umechelewa. Huleta usingizi, kwa hiyo atakayeendesha gari baada ya kivuko asiitumie. Mwambie mfamasia dawa nyingine unazotumia, au kama una mimba. Na mama asipewe kabisa kabla daktari wake hajaruhusu: kwa wazee inaweza kuleta kutetemeka na kukakamaa, na ikichanganyika na dawa za presha anaweza kushikwa na kizunguzungu akisimama ghafla, mahali pabaya kabisa pa kuanguka.

Hapo ndipo nakuomba usitegemee maandishi haya peke yake. Wiki mbili au tatu kabla ya safari mpeleke mama kwa daktari anayemfuatilia presha. Muulize hasa kuhusu dawa ya kukojoza maji, kama anatumia, kwa sababu dawa hiyo pamoja na joto la Desemba na kutapika kunaweza kuishusha presha na chumvi za mwili kwa haraka. Kama ana maumivu ya kifua akitembea, au anakosa pumzi akipanda ngazi chache, daktari aseme kwanza kama safari ipo. Dawa zake zikae kwenye mfuko usioingiza maji, mikononi mwako na si kwenye begi la chini, na ziwe za siku nne zaidi ya mnazopanga.

Wewe mwenyewe, kulewa kwenye boti pekee ni kawaida na hakuhitaji vipimo. Lakini kama dunia inakuzunguka hata ukigeuka kitandani, au sikio linavuma au kusikia kumepungua, mwone daktari wa masikio, kwani hilo si la bahari. Mkiwa safarini, mtu akitapika hadi hashikilii hata maji kwa saa sita, asipokojoa kutwa, akichanganyikiwa au kushika kifua, katisheni safari. Kilwa ina Hospitali ya Kinyonga kule Kivinje, kama kilomita 30 kutoka Masoko, na Mafia ina hospitali ya wilaya Kilindoni. Nambari ya dharura ni 112.

Asubuhi ya kila safari sikilizeni utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha muulizeni nahodha anaonaje. Nahodha akisema leo hapana, mshukuruni na mtumie siku ile ya nne. Na nunueni Dar kigoda kimoja cha plastiki, kile kifupi cha kuogea. Kikiwekwa kwenye mchanga ubavuni mwa mashua, mama atashuka kwa hatua mbili badala ya kurukia, mmoja wenu akiwa majini mbele yake na mwingine nyuma amemshika mkono.